Mtoto yuko darasa la pili na bado hajui kusoma: tuanze na sauti, majina ya herufi yasubiri

#1 Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Wanabodi, salaam.

Kila muhula unapofunguliwa wanakuja wazazi wenye malalamiko yanayofanana. Mtoto amevuka darasa la kwanza, daftari limejaa alama za vyema, mwandiko unapendeza, herufi anaziimba kuanzia a mpaka z bila kukosea. Mpe sentensi mpya yenye maneno manne, anabaki kukutazama usoni. Kitabu chake cha darasani anakisoma ukurasa hadi ukurasa, lakini ziba picha kwa kiganja uone: sauti inakatika, maana alikuwa anasoma picha na kumbukumbu ya alichosikia kwa wenzake.

Nafundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya serikali, na nilikuwa miongoni mwa walimu waliopewa mafunzo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, mtaala wa madarasa hayo ulipobadilishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo mtoto alirundikiwa masomo mengi hata hajajua kuunganisha herufi. Baada ya hapo muda mwingi ukarudi kwenye stadi hizo tatu, na mimi naamini yalikuwa mabadiliko mazuri. Lakini nyumbani, kwenye tuisheni za mtaani, na hata katika baadhi ya madarasa, bado tunaanza na majina ya herufi, na hapo ndipo watoto wengi wanapopotelea.

Msimamo wangu ni huu: mtoto afundishwe sauti kwanza, kwa Kiswahili kwanza, na majina ya herufi yaje baadaye.

Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Irabu ni tano, na kila moja ina sauti ileile popote utakapoikuta: a ya baba ndiyo a ya kitabu, ndiyo a ya Alhamisi. Silabi karibu zote zinaishia na irabu. Mtoto akishaishika kanuni hii anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona maishani mwake. Ni bahati kubwa sana, na inaniuma kuona tunaipoteza.

Chukua neno sema. Mtoto aliyekaririshwa majina ataona herufi nne na kuzitaja: se, e, me, a. Mwambie aziunganishe, atakupa "seemea". Amefanya hasa ulichomfundisha. Mtoto aliyefundishwa sauti atavuta sss, ataingiza e, atapata se. Atafunga midomo mmm, ataifungua na a, atapata ma. Se-ma. Sema.

Kabla hajaona herufi yoyote, mchezo ni wa masikio. Piga naye makofi kwa silabi: ki-ti makofi mawili, ki-ja-na matatu. Neno mtoto ni matatu pia, m-to-to, kwa sababu hiyo m inasimama peke yake; wengi hulikata mara mbili, msaidie. Muulize: kati ya simu, soksi na mkate, lipi halianzi na sss? Hilo mnaweza kulifanya mkiwa njiani, ukimenya viazi, mkisubiri daladala. Hata penseli haihitajiki.

Kisha irabu tano. Kisha konsonanti zinazoweza kuvutwa, m na s, kabla ya zile zinazokatika ghafla kama k na t. Kwa irabu tano na konsonanti hizo mbili pekee mtoto tayari anasoma mama, mimi, sisi, uma, simu, soma, sema, msimu. Anasoma hadi sentensi: "Mama, soma." Usingoje amalize herufi zote ndipo umpe maneno. Zifuate n, l, k, t. Zile b na d zitenganishe kwa wiki kadhaa, kwa kuwa maumbo yake yanafanana na zikija pamoja mtoto huzichanganya kwa muda mrefu.

Ugumu halisi wa Kiswahili unakuja baadaye kidogo, na wengi hawautilii maanani: herufi zinazoungana. Ch, sh, ny, dh, th, gh. Mb, nd, nj. Halafu bw, kw, mw, halafu nyw ya kunywa. Na ng' ya ng'ombe mbele ya ng ya ngoma, ambayo hata sisi watu wazima kwenye simu tunaiandika bila alama yake. Mtoto anayesoma baba, kaka na dada vizuri anaweza kusimama kabisa akikutana na "mbwa anakunywa maji". Mzazi anadhani amerudi nyuma, kumbe amefika mahali ambapo hajafundishwa. Kila muungano ufundishwe kama sauti mpya, siku yake, na maneno yake.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Andika maneno yasiyo na maana: mulo, teba, safiku. Akiyasoma, ameshika kanuni. Akikisia jina la kitu anachokijua, bado anakariri.

Mwenye swali aliweke hapa, nitajibu nikitoka shule. Walimu wenzangu ongezeni.

#2 Mama wa Mbagala

Shikamoo Mwalimu. Umeandika kana kwamba umemwona mwanangu. Darasani kwao wako zaidi ya mia, wengine wanakaa chini. Mwalimu wao simlaumu, namwona anavyohangaika mpaka sauti inamkauka. Mimi natoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi ni usiku, nikimshika asome analia usingizi. Kwa mtu wa hali yangu, nifanye nini hasa?

#3 Baba wa Njiro

Mkuu, kwa sauti nakuunga mkono. Kwa "Kiswahili kwanza" hapana. Wangu yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza, ada nalipa kwa jasho, na tumeshauriwa nyumbani tuongee Kiingereza tupu. Sekondari nzima anaenda kuikuta kwa Kiingereza. Kwa nini nimrudishe kwenye ba be bi bo bu?

#4 Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Mama wa Mbagala, marahaba. Usitafute saa nzima, hutaipata. Dakika kumi zinatosha zikiwa za kila siku. Kama ndani ya nyumba kuna kaka au dada wa darasa la nne au la tano, huyo ndiye msaidizi wako, na yeye mwenyewe atafaidika. Kateni maboksi ya sabuni muwe na kadi ndogo, kila kadi silabi moja: ma, si, mu, so, le. Vizibo vya soda vinafaa pia. Kila jioni kabla giza halijaingia wanapanga kadi kuwa maneno, mdogo anayasoma, mkubwa anayaandika kwenye daftari ili nawe uyaone ukirudi. Siku yako ya mapumziko ndiyo ya kumsikiliza. Akikosea, mwache amalize sentensi ndipo umrudishe. Akikwama kwenye neno, mpe sauti yake ya kwanza na usubiri. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu kwetu wazazi. Tunamrukia mtoto kwa jibu kabla hata midomo yake haijajipanga.

Na usiyadharau maandishi yaliyokuzunguka sokoni. Mifuko ya unga, ndoo za mafuta, mabango, majina ya vituo yaliyoandikwa kwenye daladala. Akiwa nawe, mpe sauti ya wiki aitafute kwenye hayo.

Baba wa Njiro, kuhusu sekondari umesema kweli. Nisikilize kidogo lakini. Kusoma mtu hujifunza mara moja tu. Akishaelewa kwamba alama inasimama badala ya sauti, na kwamba sauti zikiungana zinampa neno analolijua, kanuni hiyo anahama nayo kwenda lugha yoyote. Sharti ni kwamba neno analolipata awe analijua. Akisoma ki-ko-mbe, masikio yake mwenyewe yanamwambia amepatia. Akisoma neno la Kiingereza ambalo hajawahi kulisikia, hana kitu ndani cha kumwambia kama amepatia au amekosa, na tena Kiingereza kina tabia ya kuandika hivi na kutamka vile. Anabaki kukariri umbo la kila neno, moja moja.

Sikuambii umtoe shule. Nakuomba nyumbani umpe lugha uliyo nayo kwa ukamilifu: hadithi, vitendawili, maelezo marefu ya kwa nini mvua inanyesha na kwa nini babu anatembea na mkongojo. Mzazi anayejikaza kuongea Kiingereza asichokimudu anaishia kwenye amri fupifupi, njoo, kaa, kula, lala. Mtoto aliyelelewa na sentensi za neno moja atakuja kusoma aya bila kuielewa, kwa lugha yoyote ile. Hilo linaniumiza kuliko suala la ada.

#5 Mwana wa Pangani

Assalaam aleikum. Huku kwetu mtoto huingia chuoni, yaani madrasa, kabla ya shule. Anaanza alifu kwa kijiti, kisha herufi inatiwa irabu zake, ba, bi, bu, na mapema sana anatiwa kwenye kuunganisha. Maalim hamwachi na herufi tupu kwa muda mrefu. Waliopita chuoni sawasawa, nimewaona wakifika darasa la kwanza wanaunganisha silabi huku wenzao wangali wanaimba herufi. Kwa hiyo alichosema Mwalimu pwani si kigeni. Swali langu: kule anasoma kutoka kulia, huku kutoka kushoto. Hakumchanganyi?

#6 Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Waaleikum salaam. Humchanganya siku za mwanzo, hasa kwenye kuandika. Chora mshale juu ya ukurasa na umwekee kidole mahali pa kuanzia, baada ya muda anauzoea kila mwandiko na upande wake. Watoto wa chuoni wananirahisishia kazi sana. Ninachoongeza kwao ni swali moja kila wanapomaliza sentensi: umesoma nini? Chuoni mtoto anaweza kusoma kwa ufasaha lugha ambayo bado hajaielewa, kwa hiyo darasani anahitaji kukumbushwa kwamba sentensi ya Kiswahili inamwambia jambo, alitafute.

#7 Mwalimu wa Machakos

Mwalimu mwenzangu, hongera kwa uzi huu. Mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome ulipoanza hapa Kenya mwaka 2015 uliingia shule zote za msingi za umma, zaidi ya 23,000. Kwa maoni yangu, kama mtu aliyekuwa darasani, uliobadilisha mambo ni mchanganyiko: kila mtoto kitabu chake mkononi, mwalimu na mwongozo wa somo la kila siku, halafu afisa wa kusaidia mtaala anayekuja na tableti, anaketi nyuma ya darasa, anasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha anaketi na mwalimu kuzungumza alichokiona. Ukiondoa kimoja, vingine vinalegea. Kabla ya hapo watoto kadhaa walizunguka kitabu kimoja, na aliyeketi upande wa pili wa dawati alisoma maandishi yakiwa kichwa chini.

Kuna jambo wazazi huniuliza. Lengo la ufasaha tulilopewa lilikuwa maneno 45 kwa dakika kwa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza. Wanashangaa: kama Kiswahili ni rahisi kusoma, mbona lengo lake liko chini? Angalia urefu wa maneno yetu. "Hatutawasaidia" inahesabiwa neno moja, lakini ina silabi nane na imebeba sentensi nzima. Mtoto anaweza kuzijua zote nane na akafika mwisho amesahau mwanzo. Mimi hulijenga ubaoni kutoka mkiani: saidia, tutasaidia, tutawasaidia, hatutawasaidia. Wanasoma kila hatua kwa pamoja, kisha mmoja mmoja. Baada ya majuma machache jicho lao linaanza kuona vipande vikubwa, hatu-, -tawa-, badala ya kutambaa silabi kwa silabi. Wazazi wanaweza kufanya hivi nyumbani kwa kitenzi chochote.

#8 Mkongwe wa Sengerema

Haya mambo ya sauti mnayakuza tu. Sisi tulisomea chini ya mti, ubao mmoja, a e i o u, ba be bi bo bu, na fimbo ilikuwa mezani. Tukajua kusoma, tena kwa ufasaha. Watoto wa siku hizi wanadekezwa.

#9 Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Mzee wangu, shikamoo. Hiyo ba be bi bo bu uliyosoma ndiyo ninayoitetea. Hizo ni silabi zinazotamkwa kwa sauti zake. Mwalimu wako alikupitisha njia sahihi, na nadhani ndiyo iliyokusaidia kuliko fimbo.

Kuhusu fimbo sikubaliani nawe, na nasema kwa heshima. Mtoto anayesoma akiwa na hofu anaelekeza macho yake kwa mwalimu, kwenye mkono wake, wala si kwenye ukurasa. Anakisia haraka ili aponyoke. Wale waliokwama hatuwaoni leo kwenye mijadala kama hii, kwa sababu waliacha shule kimyakimya. Na wapo waliomaliza nao pia. Watu wa mpango wa upimaji wa Uwezo walipopita majumbani Tanzania mwaka 2010 kuwapima watoto kwa hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, waliona kama mmoja kati ya watano wa wanaomaliza la saba hawezi kuisoma. Mtoto huyo alikaa madarasani miaka saba. Hakudekezwa, alipitwa.

Kilichonivutia katika kipimo chao ni usahili wake, wenye asili ya India kwa shirika la Pratham: herufi au silabi, maneno, aya, hadithi. Unamsikiliza mtoto mmoja mmoja na unajua amesimama wapi. Pratham hao hao walikwenda mbele wakawapanga watoto kwa kiwango cha kusoma bila kujali darasa, kwa sehemu ya siku. Wa darasa la nne anayeshindwa maneno anakaa na wa la pili anayeshindwa maneno, na wote wanapata kinachowafaa.

#10 Ticha wa Meatu

Hapo kwenye kupanga kwa kiwango nakazia. Darasa langu lina watoto wengi mno kusikilizwa wote kwa siku moja, kwa hiyo nawagawa. Kundi la herufi wanachora mchangani na kupanga vizibo. Kundi la maneno wanasomeana kadi wawili wawili. Kundi la aya wanasoma kimya nje chini ya mti na mmoja anasimulia. Mimi naketi na kundi moja kila kipindi. Ofisi ya mwalimu mkuu mwanzo iliona ni vurugu, ila kelele za watoto wanaosoma ni tofauti na kelele za mchezo, ukisogea karibu utazitambua.

Nina jambo la kuongeza ambalo watu wa mjini hamlioni. Huku wengi wanaanza darasa la awali wakijua Kisukuma tu. Ukimfundisha "sema" kwa sauti nzuri kabisa, ataitamka, na hajui maana yake. Mwalimu alichomwambia Baba wa Njiro kuhusu Kiingereza, kwa mtoto wa huku kinakihusu Kiswahili. Mimi nawapa kwanza miezi ya kuongea: nyimbo, maigizo, vitu halisi mkononi, hadithi naanza kwa Kisukuma narudia kwa Kiswahili. Herufi zinaingia polepole kupitia maneno waliyokwisha kuyazoea. Na mtoto anayechanganya r na l nisimcheke wala kumchapa. Lafudhi ya nyumbani haizuii kusoma, nitamsahihisha kwenye kuandika muda ukifika.

#11 Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Ticha wa Meatu, umesema jambo kubwa, na ninalichukua kama lilivyo. "Kiswahili kwanza" yangu inamhusu mtoto ambaye Kiswahili ni lugha yake ya kuotea ndoto. Kwa wa kwako, mazungumzo yatangulie.

#12 Kijana wa Tehama

Vipi kuhusu simu na tableti? Kuna programu kibao za kufundisha kusoma. Si ndiyo suluhisho la madarasa yaliyojaa?

#13 Mtanga Halisi

Mkuu, hilo lilijaribiwa mkoani kwetu. Shindano la Global Learning XPRIZE lilileta tableti kwenye vijiji kama 170 vya Tanga, watoto karibu 2,700, programu tano zikishindana kwa miezi 15, zote kwa Kiswahili. Wengi wa watoto hao hawakuwahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 mwanzoni hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwisho wa jaribio idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 waligawana washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Kwa hiyo tableti yenye programu nzuri ya Kiswahili inaweza kumfikisha mtoto mahali hata pasipo na mwalimu. Lakini soma takwimu hiyo upande wa pili pia: karibu nusu walibaki bila kusoma neno. Na zile tableti zilikuwa na programu ya kujifunzia pekee, pamoja na vituo vya kuzichaji kwa umeme wa jua. Simu ya baba yenye katuni na muziki ni habari nyingine kabisa.

Ukiwa na televisheni, katuni ya Akili and Me ya shirika la Ubongo pale Dar inawafaa wadogo kwa sauti na nyimbo za herufi. Keti naye mkiangalia, umuulize.

#14 Dada Mlezi

Nimesoma yote. Wangu nimemfundisha kwa sauti, kadi zipo, uvumilivu upo. Wenzake wamesonga, yeye anajua leo anasahau kesho. Anaongea vizuri, ni mchangamfu, hesabu za kichwani anatupita wote nyumbani. Majirani wanasema ni mzito. Mimi siamini.

#15 Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Endelea kutowaamini, dada yangu.

Anza na mwili. Mpeleke kituo cha afya wapime macho na masikio. Mtoto asiyeona ubao vizuri hajui kwamba wengine wanauona. Anadhani wote wanaona ukungu huohuo. Angalia kama anasogeza kitabu puani, anakunja uso, au anaumwa kichwa akitoka shule. Aliyesumbuliwa na masikio kutoka usaha utotoni anaweza kusikia maneno lakini asitofautishe t na d, p na b. Darasani muombee kiti cha mbele hata kabla majibu hayajatoka.

Kama macho na masikio ni mazima, inawezekana ana disleksia. Ni namna ubongo unavyoshughulikia sauti na maandishi, haina uhusiano na uzito wa akili, na hiyo hesabu ya kichwani uliyoisema inanipa picha hiyo. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo, kwa hiyo uliza kama baba, mjomba au shangazi alipata shida ya kusoma. Wa kuthibitisha ni mtaalamu, uliza hospitali ya rufaa ya mkoa wako au kitengo cha elimu maalumu cha halmashauri. Wakati unasubiri, njia ni hiyohiyo ya sauti, ila kwa hatua ndogo zaidi na marudio mengi zaidi. Sauti moja kwa wiki. Aiandike mchangani, aifinyange kwa udongo, aitamke huku anaichora hewani kwa mkono mzima. Kila siku anza na alichokimudu jana. Mwalimu wake aelezwe, amruhusu kujibu maswali kwa mdomo kwenye masomo mengine, asije akafeli sayansi kwa sababu ya kusoma.

Na mbele yake neno mzito lisitajwe, hata kwa utani wa jirani.

#16 Mjukuu wa Bibi

Mwalimu, shikamoo. Watoto wa dada yangu wanalelewa na bibi kijijini. Bibi alipita yale madarasa ya elimu ya watu wazima enzi za Mwalimu Nyerere, anasoma kwa shida, miwani yenyewe imechakaa. Kitabu cha hadithi hakuna ndani ya nyumba, duka la vitabu liko wilayani. Hapo kuna cha kufanya?

#17 Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Marahaba mjukuu. Kipo, tena kingi.

Bibi ana kitu ambacho mimi darasani sina muda nacho: hadithi ndefu. Mtoto anayesikiliza ngano za sungura na fisi kila usiku anajua jinsi hadithi inavyofunguka, maneno yake ni mengi, na akija kukutana nayo kitabuni anayatambua. Asimulie, kisha kesho yake awaambie watoto wamsimulie yeye. Akiulizwa, fisi alifanya hivyo kwa nini, mtoto anajifunza kufikiria alichokisikia, na huo ndio ufahamu tunaoupima shuleni. Kwenye kusoma, bibi kazi yake ni kukaa na kusikiliza. Mtoto asome kwa sauti, bibi aulize, "kisha?" Akijua mtu anamngojea, atasoma.

Vitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza Tanzania mwaka 1991, na vitabu vyake vimefika kwenye shule nyingi. Waulize shuleni kwao kama kabati lipo na limefungwa. Nasema hivyo kwa sababu nimekuta makabati mengi yenye kufuli, walimu wakiogopa vitabu visichakae. Kitabu kilichochakaa kimesomwa. Ukienda mjini pita maktaba ya mkoa. Kwenye simu yako fungua African Storybook, kuna hadithi nyingi za Kiswahili za viwango tofauti, bure, zinachapika. Chapa chache, zishone kwa uzi, wapelekee.

Pasipo na hivyo vyote, tengenezeni kitabu. Ukiwa likizo kijijini keti na mtoto umwambie asimulie jambo lililotokea. Atasema, "Jana mbuzi wa bibi alikula sabuni." Iandike hivyohivyo, kwa herufi kubwa za kusomeka, mbele ya macho yake, ukitamka unavyoandika. Achore mbuzi. Kesho sentensi nyingine. Kurasa nane za daftari zikishonwa katikati ni kitabu tayari, na ataweza kukisoma kwa sababu maneno ni yake. Usimrekebishie lugha mwanzoni. Akiwa ameshakisoma mara kadhaa, andika sentensi zilezile kwenye vipande vya karatasi, uzikate neno kwa neno, azipange upya. Atagundua mwenyewe kwamba "sabuni alikula mbuzi" haiendi. Baada ya hapo mpe sentensi mpya zenye maneno yaleyale, za mbuzi mwingine na sabuni nyingine, uone kama anasoma au anakumbuka. Wadogo zake watavitaka hivyo vitabu, na yeye ndiye atakayewasomea.